Kazi za nyumbani: Nani anapunja mizani?

KUMEKUWEPO na malalamiko ya muda mrefu miongoni mwa walimu, wa shule za serikali na wa shule za taasisi zetu za Kiislamu, kwamba watoto wa siku hizi hawafanyi kazi za nyumbani. Keti katika ofisi ya walimu ya shule yoyote ya mjini asubuhi, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza, utayasikia. Watoto wananakiliana. Daftari la mwanafunzi mmoja hodari linazunguka madawati kumi kabla ya kwenda mstarini, na ikifika saa mbili darasa zima lina majibu yanayofanana. Hata kosa alilokosea yule hodari nalo limenakiliwa na wote, herufi kwa herufi.

Malalamiko haya ni ya kweli, wala sina nia ya kuyapuuza. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na watoto ninaokaa nao ni wa umri ule mgumu wa kati, tangu darasa la sita hadi kidato cha pili, ambapo mtoto si mdogo wa kushikwa mkono wala si mkubwa wa kuachiwa. Hata hivyo, kuna upande wa kadhia hii ambao sisi walimu hatuusemi, na wazazi nao hawapendi kuusikia. Tumezoea kuijadili kana kwamba ni suala la nidhamu tu. Kwa maoni yangu ni suala la haki, na haki ina pande mbili.

Siku moja tukiwa katika mada ya uaminifu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza: "Ustadh, kunakili kazi ya nyumbani ni dhambi?" Wenzake wakacheka. Kabla sijafungua mdomo, mmoja aliyeketi nyuma akadakia: "Kwani nani anaisoma?" Wakacheka zaidi. Nimeyafikiria maswali hayo mawili kwa muda mrefu, na naona yule wa nyuma, aliyeonekana mtovu wa adabu, ndiye aliyeuliza swali zito.

Tuanze na la kwanza. Mwanafunzi anayenakili na kuandika jina lake juu ya kazi ya mwenzake anatoa ushahidi kwa kalamu kwamba jasho hili ni langu. Si kweli. Huo ni uongo, na uongo hauwi mwepesi kwa kuwa umeandikwa kwa peni ya bluu kwenye daftari la kurasa 96. Wapo wanaosema kwamba ni kusaidiana. Kusaidiana tumeamrishwa katika wema na ucha Mungu, na tumekatazwa katika dhambi na uadui; anayejua Suratul Maidah analijua hilo. Mwanafunzi anayemfafanulia mwenzake njia ya kufikia jibu amemsaidia. Anayempa daftari anakili amemnyima hata ile nafasi ya kujua kwamba hajui.

Lakini jibu hili lina ugumu wake, na mwalimu wa dini hana ruhusa ya kuuruka. Katika dawati moja la kidato cha kwanza wanaketi watoto watatu. Mmoja amekwisha kubaleghe, mwingine bado, na wa tatu hakuna ajuaye ila yeye na Mola wake. Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Maana yake ni kwamba kitendo kile kile, asubuhi ile ile, kutoka daftari lile lile, kwa mmoja ni amali iliyoandikwa na kwa jirani yake bado haijaandikwa. Mwalimu anayesimama mbele na kutangaza kwamba wote waliokili kunakili ni wenye dhambi amesema asilolijua.

Je, basi tuwaachie? Hapana. Sote tunajua kwamba mtoto anaamrishwa swala akiwa na miaka saba, zamani kabla kalamu haijamshukia. Kwa nini aamrishwe jambo ambalo hatahesabiwa kwalo? Kwa sababu siku kalamu itakaposhuka, haifai imkute ndiyo kwanza anajifunza kutawadha. Ukweli nao ni hivyo hivyo. Miaka hii ya kati, kuanzia 11 hadi 15, ndiyo miaka ya mwisho ya mazoezi. Kinachofanyika humo kila asubuhi, daftari baada ya daftari, ndicho kitakachokuwa tabia yake siku atakapokuwa karani, fundi, daktari au mjumbe wa kamati ya msikiti anayeshika fedha za zaka. Kwa hiyo suala la kama ni dhambi kwa huyu au kwa yule lisitushughulishe kupita kiasi. Linalotuhusu sisi watu wazima ni hili: tunamzoesha nini?

Hapo ndipo linapoingia swali la yule wa nyuma. Nani anaisoma?

Tufanye hesabu, maana walimu wenzangu watanielewa. Mwalimu ana mikondo mitatu, kila mkondo una wanafunzi 60. Hayo ni madaftari 180. Akisoma kila daftari kwa dakika mbili tu, anahitaji saa sita. Akitoa kazi ya nyumbani mara tatu kwa wiki, anahitaji saa 18 za kusahihisha, mbali na vipindi, maandalio ya masomo, zamu na vikao. Na mikondo ya wanafunzi 60 kwa shule nyingi za mjini ni neema. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 yapo madarasa yenye zaidi ya 100. Mwalimu huyu hatasoma. Atafanya moja kati ya mawili: ama ataweka alama ya vema kubwa inayokata ukurasa mzima na kutia sahihi, ama atampa kiranja akague nani ameandika na nani hajaandika. Yaani atapima kama karatasi ina wino.

Watoto wanaligundua hili upesi mno. Wengine hulifanyia majaribio. Nimewahi kuona daftari la somo lingine ambalo mwanafunzi aliandika majina ya wachezaji wa Simba na Yanga katikati ya majibu, akapata vema na sahihi. Tulicheka ofisini, lakini kicheko hicho kilikuwa kichungu.

Ndugu msomaji, tunayo Sura nzima katika Qur'an tukufu, ya 83, yenye jina la wapunjaji, Suratul Mutaffifin. Inaanza kwa kuwatishia maangamizi wale ambao wanapopokea kwa watu hutaka kipimo kamili, na wanapopimia wengine hupunguza. Tumezoea kuisoma Sura hii tukimfikiria muuza mchele wa gengeni na kopo lake lililobonyea chini. Mimi naomba tuisome pia tukiwa na chaki mkononi. Mwalimu anadai kazi kamili: maswali kumi, yameandikwa vizuri, kwa wakati, bila kufutafuta. Asiyeleta anaadhibiwa. Inapofika zamu ya mwalimu kutoa chake, yaani kusoma, kuonesha palipokosewa na kueleza kwa nini, anatoa mkwaju wa wino mwekundu. Amepokea kibaba, amelipa nusu kibaba. Huku ni kupunja, na aliyepunjwa ni mtoto asiyeweza kumshitaki popote.

Tukio la Mtume (s.a.w.) na muuza nafaka sokoni tunalifahamu wengi. Alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema mvua iliinyeshea. Akamhoji kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akatoa lile onyo mashuhuri kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Sote tunalihubiri onyo hilo kwa wanafunzi wetu, na ni haki tulihubiri. Lakini hebu tutazame na mkono wenyewe. Hakuridhika na sura ya juu ya rundo. Aliingiza mkono. Onyo kali lilikuja baada ya ukaguzi wa kweli, na hata baada ya hapo mtu aliulizwa kwanza na akapewa nafasi ya kujieleza. Sisi tunatazama juu ya rundo, tunatia sahihi, halafu mwisho wa muhula tunashangaa kwamba nafaka imeoza.

Itasemwa kwamba haya ni mambo mapya ya vitabu vya vyuo vikuu, kumbebesha mwalimu lawama. Si mapya. Karne ya tisa Miladia, katika mji wa Qayrawan ulio Tunisia ya leo, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki, Muhammad ibn Sahnun, aliyefariki mwaka 870, aliandika kitabu kidogo kiitwacho Adabul Mu'allimin, adabu za walimu, akikusanya humo majibu mengi ya baba yake, Imam Sahnun. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa tulivyonavyo kuhusu kanuni za darasa. Mtu anayekifungua akitarajia orodha ya makatazo ya watoto atashangaa, kwa sababu sehemu kubwa ya kanuni zake inamfunga mwalimu. Mwalimu asidai kwa watoto kitu zaidi ya ujira aliopatana na wazazi. Asipige kwa hasira, na katika kutia adabu asizidishe mapigo matatu. Asiwaache watoto akaenda kushughulika na mambo yake. Hata kusindikiza jeneza asiloloazimika kulisindikiza hana ruhusa, kwa kuwa ni mtu aliyeajiriwa na muda ule si wake. Fikiri kidogo juu ya hilo la jeneza. Kwenda mazikoni ni ibada, na bado muda wa mtoto ukatangulizwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote, nalo ni bei ya ukweli.

Chukua wasichana wawili wa darasa la saba. Wa kwanza jana jioni alitoka shule, akaenda madrasa, akarudi akamkuta mama bado yuko sokoni, akapika, akawalisha wadogo zake, akasinzia na daftari mkononi. Asubuhi anasimama na kusema: "Mwalimu, sikufanya." Wa pili jana alitazama tamthilia mpaka saa nne usiku. Asubuhi alinakili kwa dakika saba chini ya mwembe. Nani kati yao atachapwa? Kila aliyepita katika shule zetu analijua jibu. Msema kweli atainua mikono au atapiga magoti kwenye kokoto, na mwongo atapata vema. Kesho yake yule wa kwanza naye atatafuta daftari la kunakili, na hakuna wa kumlaumu kwa akili yake, kwa kuwa amefanya hesabu sahihi. Shule imeweka ukweli sokoni kwa viboko vinne na uongo kwa bure, kisha katika kipindi cha dini naingia mimi kuwaambia kwamba ukweli ni bora.

Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis aliyefariki Cairo mwaka 1406, aliliona hili waziwazi. Katika Muqaddimah ana mlango unaoeleza kwamba ukali juu ya wanafunzi unawadhuru, hasa walio wadogo. Hoja yake si ya huruma tu. Anasema mtoto anayelelewa kwa mabavu hubanwa nafsi, akapotewa na uchangamfu, akaelekea kwenye uvivu, uongo na hila, akionesha nje kisichokuwamo ndani kwa kuogopa mkono wa mwenye nguvu, na hila hiyo ikamkaa ikawa tabia yake. Kwa maneno mengine, kiboko kinachotolewa ili kuondoa udanganyifu wa madaftari ndicho kinachoufundisha. Na kwa wale wanaopenda sheria za nchi, kanuni za adhabu ya viboko zilizotungwa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zilikiweka kiboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kikaandikwa kitabuni. Jirani zetu wa Kenya walikiondoa kabisa mashuleni mwaka 2001. Mwalimu anayepita dawati kwa dawati na bakora kwa ajili ya maswali matano ya hisabati hayuko katika adabu ya Ibn Sahnun wala katika kanuni za serikali yake.

Najua majibu ya wenzangu. Watasema: wewe bado kijana, unatetea wavivu, mshahara haukidhi, darasa limefurika, mzazi hajali, na wewe unataka tusome madaftari 180? Hapana, sitaki hivyo. Nataka tutoe kazi tunazoweza kuzisoma. Ikiwa mwalimu ana uwezo wa kusoma kwa haki madaftari 60 kwa wiki, basi kila mkondo upate kazi moja ya maana kila baada ya wiki tatu atakayoisoma yeye mwenyewe, na mazoezi mengine yasahihishwe na darasa zima ubaoni, kila mmoja na daftari lake, kwa kipindi kilichotengwa. Maswali manne yaliyosomwa yana kheri kuliko arobaini yaliyotiwa vema kwa macho yaliyofumba. Na mshahara mdogo ni dhulma ya mwajiri, tuidai huko huko kwa mwajiri. Hatuna haki ya kuifidia kwa kumpunja mtoto wa mtu.

Kuhusu wingi wa kazi nina neno moja zaidi, kwa kuwa shule zetu binafsi, zikiwemo za Kiislamu, zimeingia katika mashindano ya ajabu. Kurundika kazi kumekuwa tangazo la biashara. Mtoto anatoka shule saa tisa, saa kumi yuko madrasa mpaka Magharibi, baada ya Isha ana masomo manne ya kuandika, na Jumamosi ana tuisheni. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 1111) katika Ihya, kwenye mlango wa kulea watoto, anashauri mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mwema apumzike na uchovu wa masomo, kwani kumzuia kucheza na kumlemea kwa masomo daima kunaua moyo wake na kunamfanya atafute hila ya kujinasua. Hila hiyo ndiyo daftari linalozunguka asubuhi. Mjini siku hizi ndiyo pia simu ya mama: mtoto anaandika swali, programu ya akili mnemba inamjibu kwa Kiswahili safi, naye anahamishia daftarini bila kujua aliloandika. Wapo wanaotaka simu zipigwe marufuku na mambo yaishe. Zipigwe marufuku au zisipigwe, mwalimu asiyesoma alidanganywa kabla simu hazijafika.

Na wazazi je? Nao wana kipimo chao. Yupo baba anayemfanyia mtoto kazi yake ili asiaibike, akidhani anasaidia. Baba huyo amekuwa mwalimu wa kwanza wa kughushi katika nyumba yake. Kusaidia ni kumpatia mtoto saa moja bila kutumwa dukani, taa inayowaka na mahali pa kuegemeza daftari. Nyumba nyingi za kupanga haziwezi vyote vitatu, hilo nalijua. Basi na zimwambie mwalimu ukweli huo, naye aupokee.

Katika madarasa yangu tumejiwekea utaratibu, na nautaja si kwa kuwa ni mzuri kuliko wa wengine bali ili wenye uzoefu waukosoe. Ambaye hakufanya kazi anaandika tarehe, anaandika "Sikufanya", na sababu yake kwa sentensi moja. Haadhibiwi. Anaifanya wakati wa mapumziko karibu na meza yangu. Aliyesaidiwa anataja jina la aliyemsaidia. Ninayemshuku kwamba amenakili simchapi wala simtangazi mbele ya wenzake. Namwita peke yake na kumwomba anieleze jibu lake kwa mdomo, na akishindwa anairudia kazi yote. Na mimi nikikaa na madaftari zaidi ya wiki moja bila kuyarudisha, kazi inayofuata haitolewi. Kanuni hiyo ya mwisho wameipenda kuliko zote, na wananikumbusha bila kukosea tarehe.

Nilipoueleza utaratibu huu katika kikao cha wazazi, mzee mmoja alisimama akiwa na wasiwasi. Akauliza: "Sasa Ustadh, huyu wangu akikuandikia 'sikufanya' kila siku, si umempa leseni?" Nikamwambia: "Mzee wangu, akiandika mara tatu mfululizo nitakuja nyumbani tukae mimi, wewe na yeye." Akafikiri kidogo, akasema karibu sana, ila nije baada ya Isha, kwa sababu kabla ya hapo mtoto yuko gengeni anauza.